Tikiti, Vigari vya Mfano na Vitabu: Historia ya Wakusanyaji wa Kumbukumbu za Tramu

1. Utangulizi

Katika nchi za Ulaya, hasa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani, hufanyika maonyesho ya namna yake ambayo msomaji wa Kongo huenda hajayasikia. Jumba la shule au la mikutano, na pengine banda la zamani la kulazia magari, hupangwa meza ndefu. Juu ya meza hizo hakuna vitenge wala unga wa mahindi. Kuna tikiti za karatasi zilizokwisha kutumika, kofia za makondakta, vifungo vya shaba vya makoti, ratiba za safari zisizosafiriwa tena, vibao vya chuma, vitambaa virefu vilivyoandikwa majina ya vituo, kadi za posta, vitabu vya mitumba, na vigari vidogo vya mfano vinavyotembea juu ya reli nyembamba. Watu huinama, hupekua, huulizana bei, na hubishana juu ya rangi ya mlango wa gari lililovunjwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Vitu vyote hivyo vyahusu chombo kimoja, nacho ni tramu, yaani gari la abiria linalokwenda juu ya reli zilizolazwa katika barabara za mji.

Kwa mtazamo wa haraka, jambo hili laweza kudhaniwa kuwa mchezo wa watu wenye fedha na nafasi. Hata hivyo, anayelichunguza kwa makini hugundua kwamba sehemu kubwa ya historia ya usafiri wa mijini haikuhifadhiwa na serikali wala na vyuo vikuu. Ilihifadhiwa na makarani, mafundi, walimu na vijana waliokataa kuona kitu walichokizoea kikitupwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ukusanyaji huo ulivyoanza, vitu vinavyokusanywa na elimu iliyomo ndani yake, na hatimaye kuuliza swali linaloigusa Kongo moja kwa moja: ni nani anayechagua cha kuokolewa, na ni kitu gani kinachobaki nje ya meza?

2. Neno na chombo chake

Ni vema kuanza na neno lenyewe. Watu wengi, hata miongoni mwa wapenzi wa tramu, wamesimuliana kwamba neno hilo lilitokana na jina la mhandisi Benjamin Outram (1764-1805), aliyejenga njia za reli za kukokotwa na farasi katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza. Masimulizi hayo yanapendeza, lakini si ya kweli. Neno hilo lilikuwa likitumika huko Uskoti na katika migodi ya Uingereza ya kaskazini kabla Outram hajazaliwa. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na lugha za Kijerumani cha pwani na Kiflemi, ambamo lilikuwa na maana ya boriti au mpini wa mkokoteni. Kwa hiyo neno lilitaja kwanza mti wa kushikia, kisha mkokoteni wa mgodini, kisha njia yake, na mwishowe gari la abiria la mjini. Lilipokwisha kukomaa katika Kiingereza, lilirudi bara na kuingia katika Kifaransa na Kiholanzi.

Chombo nacho kilikua kwa hatua. Mwaka 1807 abiria walianza kubebwa kwa nauli katika gari la farasi juu ya reli kati ya Swansea na Oystermouth, nchini Wales. Mwaka 1832 mji wa New York ulipata tramu ya farasi barabarani, na Brussels ikafuata mwaka 1869. Mwaka 1881 kampuni ya Siemens iliendesha tramu ya umeme huko Lichterfelde, karibu na Berlin, na mwaka 1888 Frank Sprague alifaulu kuweka mji mzima wa Richmond, Virginia, katika utaratibu wa umeme. Baada ya hapo miji ilishindana. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma husuguana kidogo sana, hivyo nguvu ileile hubeba watu wengi zaidi kuliko juu ya barabara ya mawe au ya vumbi. Nauli zikashuka, na mfanyakazi akaweza kukaa mbali na kiwanda chake.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na fungu lake dogo. Mjini Mombasa, reli nyembamba zilizoletwa na kampuni ya Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya njia ya kwenda bara, ambayo haikwenda mbali, zilitumiwa katika barabara za mji. Juu yake vilipita vigari vyenye kivuli vilivyosukumwa kwa mikono ya watu, huku mabwana wameketi. Waandishi wa Kizungu wa wakati ule huviita vigari hivyo kwa neno la Kihindi ambalo Kiswahili nacho kimelichukua, yaani gari. Kadi za posta za magari hayo hadi leo hununuliwa na wakusanyaji. Katika kadi nyingi anayesafiri huonekana wazi, na wanaosukuma huonekana migongo.

3. Kufa kwa tramu na kuzaliwa kwa mkusanyaji

Maadamu kitu kipo, watu hawakikusanyi. Tramu ilipokuwa ikipita kila dakika chache, tikiti yake ilikuwa takataka. Ukusanyaji ulizaliwa pale basi na motokaa zilipoanza kuishinda tramu, miji ilipoona gharama ya kutengeneza reli upya ni kubwa, na wakuu wa miji walipoona tramu kuwa alama ya uzee.

Nchini Marekani, mwaka 1939, kikundi kidogo cha vijana katika jimbo la Maine kilisikia kwamba njia ya Biddeford na Saco inafungwa. Kikanunua gari la wazi namba 31 kwa dola 150. Gari hilo moja ndilo lililokuwa mbegu ya makumbusho ya Seashore yaliyopo Kennebunkport, ambayo sasa yana magari zaidi ya 200 kutoka nchi mbalimbali.

Nchini Uingereza, chama kilichoundwa mwaka 1937 kwa ajili ya kutetea tramu, Light Railway Transport League, kilianza mwaka 1938 kutoa jarida lililoitwa Modern Tramway. Jina la jarida lenyewe lilikuwa hoja, kwa maana lilidai kwamba tramu yaweza kuwa ya kisasa, wakati wengi walipoiona kuwa mabaki ya zama za babu. Mwaka 1948 wanachama wake, wakiwa katika safari ya kuaga tramu za Southampton, walinunua gari namba 45 kwa pauni 10. Fedha zilikuwa chache, lakini tabu iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko fedha, kwa kuwa walilazimika kutafuta mahali pa kulilaza gari lenye uzito wa tani kadhaa, lisilo na reli wala paa.

Mji wa London ulifunga njia zake za mwisho usiku wa tarehe 5 Julai 1952. Katika wiki ya mwisho ziliuzwa tikiti za pekee za kuaga, na watu waliweka sarafu juu ya reli ili zibonyezwe na magurudumu na kubaki kumbukumbu. Mtengenezaji filamu John Krish alipiga picha za siku hizo, na filamu yake fupi, The Elephant Will Never Forget, ilitolewa mwaka 1953. Magari mengi yalipelekwa Charlton, yakachomwa moto ili mbao ziungue na chuma kibaki cha kuuzwa. Sheffield ikafuata mwaka 1960. Mjini Glasgow, tarehe 4 Septemba 1962, watu wapatao 250,000 walisimama kandokando ya barabara kutazama msafara wa mwisho wa tramu 20. Baada ya hapo, katika Uingereza yote, tramu za umeme za mjini zilibaki Blackpool tu.

Wakati huohuo, wale walionunua gari namba 45 na wenzao walikuwa wameunda chama cha makumbusho mwaka 1955, na mwaka 1959 walipata machimbo ya mawe yaliyoachwa katika kijiji cha Crich, Derbyshire. Walilaza reli kwa mikono yao wenyewe siku za mapumziko. Mwaka 1963 tramu ya farasi ilianza kubeba wageni, na mwaka 1964 ikafuata ya umeme. Leo pana tramu zaidi ya 60 na maktaba inayotumiwa na watafiti. Jimbo hilo ndilo alilofanyia kazi Outram, yule ambaye neno tramu lilisingiziwa kutoka kwake.

4. Vilivyomo mezani

4.1 Tikiti

Kwa mwanahistoria, tikiti ni hati. Kampuni ya Bell Punch, iliyoanzishwa London mwaka 1878, ilitengeneza mashine ndogo aliyoivaa kondakta kifuani. Kondakta alichukua tikiti yenye rangi ya nauli iliyolipwa, akaitoboa penye namba ya kituo cha kushukia, na kengele ikalia ili abiria wote wasikie. Duara dogo la karatasi lililokatwa halikuanguka chini. Lilibaki ndani ya mashine, na jioni maduara hayo yaliweza kutolewa, kutenganishwa kwa rangi na kuhesabiwa, ili kujua kama kondakta ameleta fedha zote. Hivyo kengele, rangi na tundu vilikuwa jicho la mwajiri juu ya mtumishi wake.

Tikiti moja, basi, humweleza msomaji wake mambo mengi: kiasi cha nauli, mpangilio wa vituo, jina la kampuni au la halmashauri ya mji, na mara nyingi tangazo la biashara nyuma yake. Ziko tikiti za wafanyakazi zilizouzwa alfajiri kwa bei ndogo, na kwa njia hiyo hujulikana saa ambazo viwanda vilifungua milango. Thamani yake kwa mkusanyaji ina ajabu yake, kwa kuwa zilichapwa kwa mamilioni, lakini zilitupwa kwa mamilioni vilevile. Kilichobaki ni kile kilichosahauliwa mfukoni mwa koti au katikati ya kurasa za kitabu.

4.2 Kofia, beji na vitambaa

Mavazi ya kazi nayo hufundisha. Beji za makondakta wanawake ni mfano mzuri. Vita vya kwanza vya dunia vilipowachukua wanaume, mji wa Glasgow uliajiri makondakta wanawake mwaka 1915, na miji mingine ikafanya hivyo. Wengi wao waliondolewa wanaume waliporudi. Beji iliyotobolewa kwa pini kwenye kifua cha mwanamke yathibitisha kwamba kazi iliyosemwa kuwa si ya mwanamke ilifanywa na mwanamke, na ilifanywa vizuri.

Vitambaa vya majina ya vituo, vilivyokunjwa juu ya rola mbele ya gari, hupendwa sana. Kila kitambaa ni orodha ya majina ya mahali, nayo mengine yamefutika katika ramani za leo kwa sababu mtaa ulivunjwa au jina lilibadilishwa. Kwa mwanaisimu anayechunguza majina ya mahali, kitambaa cha namna hiyo ni kamusi ndefu iliyokunjwa.

4.3 Vigari vya mfano

Watengenezaji wa vigari vya mfano huhesabu kwa makini kama mafundi wa saa. Kipimo kinachotumika sana Uingereza ni cha milimita 4 kwa kila futi moja, yaani takriban moja kwa 76. Reli halisi ya kawaida ina upana wa milimita 1,435, na kwa kipimo hicho ingepaswa kuwa na milimita karibu 18.8. Lakini reli zinazouzwa madukani kwa kipimo hicho zina milimita 16.5, kwa hiyo kigari husimama juu ya njia nyembamba kuliko inavyostahili. Wengi hulikubali kosa hilo. Wachache hulikataa, na hutengeneza reli zao wenyewe. Mji wa Glasgow huwapa kazi zaidi, kwa sababu njia yake ilikuwa na milimita 1,416 badala ya 1,435. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa na sababu yake. Magurudumu ya magari ya mizigo ya reli kuu yaliweza kupita kwa kingo zake ndani ya mifereji ya reli za tramu, hata kufika kwenye viwanda vya meli. Anayetengeneza kigari cha Glasgow bila kujua sababu hiyo ametengeneza kitu cha kuchezea tu. Anayeijua hutengeneza pamoja nacho historia ya uchumi wa mji.

4.4 Vitabu

Vitabu vinavyouzwa mezani mara nyingi ni vyembamba, na vilichapwa kwa nakala chache na vyama vidogo. Ndani yake mna orodha ya kila gari: namba yake, aliyelijenga, mwaka lilipoanza kazi, rangi zake, na siku lilipovunjwa. Uthabiti wa orodha hizo ni mkubwa, kwa kuwa ziliandikwa na watu waliosimama njiani wakiwa na daftari na kalamu, mwaka baada ya mwaka. Upungufu wake ni kwamba gari limeandikwa wasifu, na dereva wake hakuandikwa. Aliyechunguza siku ya kufa kwa gari namba fulani aghalabu hakuuliza siku ya kufa kwa aliyeliendesha miaka 30.

5. Visivyowekwa mezani

Kupenda kitu cha kale kuna hatari yake, kwa sababu upendo huchagua. Mkusanyaji huleta mezani rangi nzuri, shaba iliyosuguliwa na sauti ya kengele. Mengine huachwa.

Mfano wa kwanza watoka New Orleans, ambako tramu ya barabara ya St. Charles imekuwa ikitembea tangu mwaka 1835, kwanza kwa mvuke na farasi, kisha kwa umeme. Ndani ya magari ya mji huo vilikuwamo vibao vya mbao vyenye vijiti vya kuingizwa katika matundu ya migongo ya viti. Kibao kilisogezwa mbele au nyuma, na kiliwaonyesha abiria weusi mahali pa kukaa. Ubaguzi huo katika tramu na mabasi ya mji uliondolewa mwaka 1958. Vibao vilivyobaki ni sehemu ya tramu sawa na kengele yake. Anayerudisha gari katika hali yake ya zamani kwa uaminifu wote, akakiacha kibao hicho nje, amerudisha mbao na chuma, lakini hakurudisha wakati. Na anayekiuza kama pambo amefanya kosa lililo kubwa zaidi.

Mfano wa pili unamgusa Mkongo. Wapenzi wa tramu wanaofika Brussels hupenda sana kusafiri kwa njia ya 44, inayopita kando ya barabara pana na kisha msituni hadi Tervuren. Makumbusho ya usafiri wa mji huo, yaliyofunguliwa mwaka 1982 katika banda la Woluwe, yako kando ya njia hiyohiyo. Ni safari nzuri, na vitabu vya picha huisifu. Lakini barabara hiyo na tramu yake vilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, ili wageni wapelekwe Tervuren kuitazama Kongo ya mfalme Leopold wa Pili. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa walikuwamo watu: Wakongo 267 walioletwa kwa meli na kuwekwa katika vijiji vya kuigiza bustanini. Saba kati yao walikufa kwa baridi na maradhi, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Zaidi ya watu milioni moja walikwenda kutazama.

Tikiti ya tramu ya mwaka 1897, basi, ikionekana leo katika maonyesho ya wakusanyaji, ni karatasi nzuri yenye bei kubwa. Ni vilevile nauli iliyolipwa na mtu aliyekwenda kumtazama mtu mwenzake nyuma ya uzio. Maana hizo mbili zimo ndani ya karatasi moja, na mwenye kuieleza mojawapo peke yake hajaieleza tikiti.

6. Kongo na reli zake ndogo

Kongo si ngeni kabisa katika meza za wakusanyaji. Boma, ulipokuwa mji mkuu, ulikuwa na tramu ya mvuke iliyounganisha sehemu ya mtoni na sehemu ya juu ya mji, na picha zake zimo katika kadi za posta. Njia ya Mayumbe, iliyoanza kujengwa mwaka 1898 kutoka Boma na kufika Tshela, iling'olewa mwaka 1984. Kwa upande wa kaskazini-mashariki, kampuni iliyojulikana kwa jina la Vicicongo iliundwa mwaka 1924. Jina hilo limetokana na neno la Kifaransa lililotumiwa Ubelgiji kuzitaja tramu za mashambani, zilizoanza mwaka 1885 kati ya Ostend na Nieuwpoort. Kwa hiyo Wabelgiji walileta Uele si reli tu bali pia wazo la tramu ya mkulima: njia nyembamba ya gharama ndogo, ifuatayo mashamba. Upana wake ulikuwa milimita 600, na kwa kipimo cha moja kwa 87, kinachopendwa katika bara la Ulaya, haufiki milimita 7. Kutoka Aketi njia ilikwenda Buta na Isiro, ikafika Mungbere mwaka 1937, ikibeba pamba, kahawa na mafuta ya mawese. Mwaka 1974 iliunganishwa na njia nyingine chini ya shirika moja la taifa.

Mkusanyaji wa Ulaya aweza kupata picha za injini za Vicicongo, orodha ya namba zake, hata kutengeneza mfano wake. Je, ni nani aliye na orodha ya majina ya waliolaza reli hizo msituni? Ni nani aliyeandika maneno waliyotumia kuitana wakati wa kuinua chuma, majina ya utani waliyowapa mabwana wao, na jinsi walivyoitaja injini katika Kiswahili, Kilingala na lugha za nyumbani? Chuma cha Mayumbe kiling'olewa kwa amri. Maneno hayahitaji amri, kwa maana hung'oka yenyewe mzee mmoja baada ya mwingine.

Katanga inaonyesha kwamba kazi hiyo yawezekana. Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na pamoja nayo walifika watu wa lugha nyingi waliokuza Kiswahili cha mji huo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Hakuwa profesa wala hakutumwa na chuo. Aliandika kwa sababu waliohudumia mezani walijua mambo ambayo walioketi mezani hawakuyaandika. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1990 na Johannes Fabian, na sasa husomwa na wanaisimu na wanahistoria duniani. Tangu mwaka 2000, kazi iliyoendeshwa chini ya jina la Mémoires de Lubumbashi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi ilikusanya masimulizi na vitu vya nyumbani vya wakaaji wa mji, ikavionyesha hadharani. Hapo kitu na mwenye kitu viliwekwa pamoja, jambo ambalo meza za wapenzi wa tramu mara nyingi zimeshindwa kulifanya.

Msamiati wenyewe ni mkusanyiko. Gari limetoka Kihindi. Reli, tikiti na stesheni vimetoka Kiingereza, vikapitia pwani na kusini. Toroli, ambalo zamani lilitaja kigari cha juu ya reli, kwa wengi leo ni mkokoteni wa gurudumu moja wa fundi wa ujenzi. Kila neno la namna hiyo ni tikiti iliyotobolewa, kwa kuwa laonyesha lilipopandia na liliposhukia. Tofauti ni kwamba tikiti hubaki hata aliyeitumia akifa, na neno lisiloandikwa humfuata mwenye kulisema.

7. Hitimisho

Wapenzi wa tramu walichekwa kwa miaka mingi. Ilisemwa kwamba wanaikumbatia maiti. Lakini Nantes ilirudisha tramu mwaka 1985, Manchester mwaka 1992, na katika Afrika Casablanca iliipata mwaka 2012 na Addis Ababa mwaka 2015. Waliohifadhi michoro, vipimo na magari walikuwa wamehifadhi vilevile hoja. Hilo ndilo funzo la kwanza: kinachookolewa kwa mapenzi chaweza kufaa kwa mahitaji.

Funzo la pili ni kwamba ukusanyaji si kazi ya matajiri peke yao. Gari namba 45 lilinunuliwa kwa pauni 10, na tikiti nyingi ziliokotwa chini. Kilichohitajika zaidi ya fedha ni uvumilivu, daftari, na mahali pasipovuja mvua. Wazee wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba za wafanyakazi wa reli wa Lubumbashi, Likasi, Kamina, Kalemie, Kindu na Aketi, mna mali ya aina hiyo, kama vile vitambulisho vya kazi, kofia, picha za sherehe za kustaafu, karatasi za mishahara na, juu ya yote, maneno. Mwanafunzi anayetafuta habari ya kuandikia kazi yake ya mwisho hana haja ya kusafiri mbali. Aanze na jirani aliyefanya kazi njiani, aandike jina la kila chombo kama mwenyewe anavyolitamka, na tarehe ya kila kitu kama anavyoikumbuka.

Funzo la tatu ni la uaminifu. Kibao cha New Orleans na tikiti ya Tervuren vinafundisha kwamba kitu kisichoelezwa chote huwa kinasema uongo nusu. Kongo ikianza kuweka meza yake, na aliyesukuma awekwe mbele pamoja na aliyebebwa.